Mabano

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
watoto wakishafagia na kwenda zao,
darasa la nne B linakuwa letu.
Ubaoni saba mara nane haijafutwa.
Madawati ni mafupi, magoti yanagota mbao,
na Mama Sikudhani, muuza vitumbua wa Kigogo,
hukaa upandeupande, akisema:
"Shule kama hii nilifukuzwa kwa kukosa ada.
Leo nimerudi nayo, imefungwa penye pindo la kanga."

Ada ni elfu mbili kwa kipindi.
Asiyekuwa nayo hufuta vumbi, au huleta maji,
au husema "wiki ijayo,"
na Mwalimu Tabu huandika "wiki ijayo"
kwenye daftari ambalo sijamwona akilifungua tena.

Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama.
Miaka thelathini na mmoja,
taipureta, kisha kompyuta,
vidole vikikimbiza midomo ya watu.
Mtu akilia niliweka mabano: (shahidi analia).
Akinyamaza: (shahidi ananyamaza).
Mabano mawili kama viganja,
na ndani yake nikamfukia mtu mzima,
nikapiga nukta.

Mwanangu alicheka nilipojiandikisha.
"Baba, kuigiza? Na hilo goti?"
Nikamwambia goti haliigizi, linauma kweli.

Tunaanza kwa kupumua.
Pazi, fundi friji, anapumua kama kompresa inayokaribia kufa.
Nesi Ndelilio anasinzia wima, katoka zamu.
Chogo wa bodaboda ana miaka kumi na tisa.
Helmeti yake ameiweka mezani kwa mwalimu
kama kichwa cha pili kinachotusikiliza.

Alhamisi iliyopita Mwalimu Tabu akasema:
"Leo mahakama. Mzee Mwinyimvua, wewe si karani.
Wewe shahidi."

Mama Sikudhani akawa hakimu, mwiko ukawa nyundo.
Nikamwambia mahakama zetu hakimu hagongi nyundo.
Akasema, "Huyu anagonga."
Pazi, mshitakiwa, alijikunyata mpaka shati likamzidi.
Na Chogo akawa karani.

Sijui alimwona wapi karani.
Akainamisha shingo, akachapa juu ya dawati, ta ta ta.
Hakuinua jicho nilipoapa.
Hakuinua nilipotaja mtaa.
Nilikuwa nimechukua maneno ya mama mmoja, kesi ya zamani;
jina lake nimelisahau, kanga yake sijaisahau.
Nikasema:
"Mwanangu alitoka kwenda kununua mafuta ya taa."

Hapo ndipo mama yule alipoishiwa.
Hapo nami nikaishiwa.

Chogo akachapa. Ta.
Ta-ta. Nukta.
Niliyajua yale mabano kwa mlio.

Nikasimama ndani yake, kwa mara ya kwanza.
Mle hamkuwa na ukimya, jamani.
Mlikuwa na chupa tupu iliyotoka mkononi mwa mtoto.
Mlikuwa na utambi mkavu, na mama kakaa gizani
akihesabu nyayo za watu wapitao nje,
hizi si zake, hizi si zake,
mpaka alfajiri.
Na mimi nilikuwa nimemaliza yote hayo kwa maneno mawili,
nikaenda kunywa chai.

Hakuna aliyepiga makofi.
Mwalimu Tabu hakusema "vizuri."
Mama Sikudhani aliweka mwiko chini,
akasahau kuwa yeye ni hakimu, akaniuliza:
"Alirudi?"

Sikujua.
Kesi iliahirishwa, nami nikahamishiwa Temeke.
Na miaka yote ile sikuwahi kuuliza.

Mlinzi akagonga geti kwa ufunguo: saa mbili.
Tukarudisha madawati kwenye mistari yake,
tukawaachia watoto saba mara nane yao.
Chogo akanipakia mpaka Manzese, nauli akakataa.
Kila tulipofika penye taa nyekundu
aligeuka kunitazama usoni.
"Tazama mbele, kijana," nikamwambia.
Akageuka tena.